Nani Humchagua Nani? Kandanda ya Vyuo Vikuu vya Marekani na Uteuzi wa Wachezaji wa Kulipwa

1.0 Utangulizi

Kitenzi chagua ni miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili visivyomsumbua mtu. Mama huchagua nyanya sokoni, wananchi humchagua mbunge, mwanafunzi huchagua tawi la masomo. Kitenzi hiki kinapogeuzwa kuwa katika hali ya kutendwa, kikawa chaguliwa, mtendaji anaweza kuachwa nje ya sentensi na sarufi isilalamike. "Kijana amechaguliwa" ni sentensi kamili. Amechaguliwa na nani, kwa jambo gani, na je, yeye mwenyewe aliulizwa? Sentensi haisemi.

Jambo hili lingeweza kubaki darasani kama si mabadiliko ya miaka ya karibuni. Tangu miaka ya 2010 wakimbizi wengi wa Kongo, hasa watu wa mikoa ya mashariki, wamepelekwa kuishi Marekani. Katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake walipokelewa zaidi ya 16,000, idadi iliyoipita ya nchi nyingine yoyote mwaka huo. Watoto wao husoma katika shule ambako mchezo unaotukuzwa kuliko mingine yote ni kandanda ya Kimarekani. Habari za mchezo huo huwafikia jamaa walioko Bunia, Goma au Uvira kwa simu, kwa Kiswahili, nazo hufika zimebebwa na kitenzi hichohicho: amechaguliwa. Jamaa anayesikiliza anaweza kuelewa kwamba mpwawe amepangwa katika timu ya shule, au kwamba amepewa ufadhili wa masomo (bursa, kama wasemavyo watu wa Bunia) ili akacheze katika chuo kikuu, au kwamba ametwaliwa na timu ya kulipwa na kesho atakuwa tajiri. Hali hizi tatu zimetengana mno. Anayezichanganya anaweza kumdai kijana wa miaka 18 karo ya watoto wa ukoo mzima, ilhali kijana huyo hana mshahara wowote.

Makala haya yanaeleza jinsi mchezaji wa chuo kikuu anavyofika, au asivyofika, katika ligi ya kulipwa, na yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kinaweza kuyatumia kuieleza safari hiyo bila kumpotosha msikilizaji. Mifano imechukuliwa, kadiri ilivyowezekana, kutoka kwa wachezaji wenye asili ya Kongo.

2.0 Mchezo na chuo

Kandanda ya Kimarekani ina uhusiano mdogo sana na kandanda ichezwayo Bunia. Mpira wake una umbo la yai, na aghalabu hushikwa mkononi, hurushwa au hubebwa kifuani. Mguu huugusa mara chache. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa huukabidhi mpira kwa wapinzani. Anayeuvusha mpira hadi eneo la mwisho la wapinzani huipatia timu yake pointi 6. Uwanja una yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli, yaani mita zipatazo 91. Yadi hiyo ndiyo ileile inayopimiwa vitenge, kwa hiyo katika istilahi zote za mchezo huu angalau hii haimhitaji mfasiri.

Mgeni hushangazwa zaidi na mahali unapochezwa kuliko kanuni zake. Vyuo vikuu vya Marekani huendesha timu ambazo mahudhurio yake yanashindana na ya timu za kulipwa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, ulioko mji mdogo wa Ann Arbor, huingiza watu zaidi ya 100,000, ilhali Stade des Martyrs ya Kinshasa ilijengwa kwa watu 80,000. Kocha wa chuo anaweza kulipwa mshahara unaozidi wa mkuu wa chuo mara nyingi. Lakini kwa muda wa miongo mingi mchezaji mwenyewe alihesabiwa kuwa wa ridhaa: alipewa karo, chakula na malazi, basi. Ni tangu Julai 2021 ndipo wanafunzi waliporuhusiwa kupokea fedha za matangazo yanayotumia majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato.

Chuo humpataje mchezaji? Hapa ndipo tofauti ya kwanza inapojitokeza. Makocha huwatembelea vijana wa sekondari, huketi na wazazi, huahidi na kubembeleza. Kisha kijana, akiwa na mialiko mitatu au kumi mkononi, huamua mwenyewe aende wapi. Kwa maneno mengine, katika hatua hii kijana ndiye mtendaji wa kitenzi chagua. Baada ya miaka mitatu au minne mambo hugeuka.

3.0 Chanzo na utaratibu wa uteuzi

Kabla ya mwaka 1936 mchezaji aliyemaliza chuo aliweza kujiunga na timu yoyote ya kulipwa iliyomtaka. Matokeo yake yalitabirika: timu tajiri ziliwakusanya walio bora, na timu maskini zikaendelea kushindwa. Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, alipendekeza mwaka 1935 kwamba timu zichague kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia na bingwa akiwa wa mwisho. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo aliyeshika mkia alikuwa Bell mwenyewe.

Utaratibu wenyewe haumhitaji mwalimu kwa mtu aliyewahi kucheza mpira wa mtaani. Watoto wanapogawana timu, manahodha wawili husimama mbele, wengine hupanga mstari, na kila nahodha huita jina kwa zamu yake. Anayeitwa huenda. Hajulizwi, wala hajibu kwamba angependa upande wa pili. Ligi ya kulipwa ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi NFL, hufanya jambo hilohilo kila mwezi wa Aprili: timu 32, mizunguko saba, majina yapatayo 250 na ushei. Zamu zenyewe zinaweza kuuzwa na kubadilishwa, kwa hiyo timu moja huweza kuita mara mbili katika mzunguko mmoja na nyingine isiite kabisa. Mchezaji haruhusiwi kuingia kabla ya kutimia miaka mitatu tangu darasa lake lilipomaliza sekondari. Ndiyo maana chuo, hata kwa asiyekipenda kitabu, huwa njia karibu pekee.

Mtu wa kwanza kabisa kuitwa, mwaka 1936, alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Philadelphia walimteua, kisha haki yao juu yake wakaipeleka kwa Chicago Bears. Hakuafikiana na Bears kuhusu malipo, na hakucheza hata mchezo mmoja wa kulipwa maisha yake yote. Hivyo tangu siku ya kwanza ilidhihirika kwamba kuteuliwa hakumaanishi kucheza. Kuteuliwa ni haki anayopewa mwenye timu, haki ya kuwa yeye peke yake ndiye atakayezungumza na mchezaji huyo. Mteule asiyeridhika ana njia mbili tu: akae nje mwaka mzima akingoja uteuzi unaofuata, au awe na nguvu ya kutishia. John Elway aliikataa Baltimore mwaka 1983 kwa kuwa mchezo wa besiboli nao ulikuwa ukimngoja, akapelekwa Denver. Eli Manning akafanya vivyo hivyo kwa San Diego mwaka 2004. Watu wa aina hiyo ni wachache sana.

Namba ya kuitwa ndiyo bei. Tangu mapatano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, malipo ya mteule hufuata mahali alipoitwa, wala hakuna nafasi kubwa ya kupatana. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza kuitwa, alihakikishiwa dola milioni 50. Mwaka mmoja baadaye, chini ya kanuni mpya, Cam Newton, naye wa kwanza, alipata mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 22. Anayeitwa katika mzunguko wa saba hupata sehemu ndogo tu ya fedha hizo, na anaweza kuachishwa kabla msimu haujaanza.

4.0 Tarehe 25 Novemba 1995

Mkongo aliyevuma kuliko wote katika kandanda ya vyuo ni Tshimanga Biakabutuka, ambaye Wamarekani, kwa kulikwepa jina la Kiluba, walimwita Tim. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akahamia Kanada akiwa mtoto, akakulia Longueuil karibu na Montréal, ambako alijifunza mchezo huu akiwa kijana anayezungumza Kifaransa. Kutoka Chuo cha Vanier cha Montréal alikwenda Michigan. Kazi yake uwanjani ilikuwa ya mkimbiaji: kupokea mpira mkononi na kupenya katikati ya watu wenye uzito wa kilo 130.

Tarehe 25 Novemba 1995 Michigan iliwakaribisha mahasimu wao, Ohio State, ambao walikuwa wameshinda michezo yao yote 11 ya msimu ule. Macho yalielekezwa kwa mkimbiaji wa wageni, Eddie George, ambaye wiki chache baadaye alipewa tuzo ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Lakini siku ile ilikuwa ya Biakabutuka. Alipewa mpira mara 37, akakimbia jumla ya yadi 313, Michigan ikashinda 31 kwa 23, na ndoto ya Ohio State ya kuwa bingwa wa taifa ikaishia pale. Katika msimu mzima alikimbia yadi 1,818, ambazo mkimbiaji mwingine wa Michigan hajazifikia katika msimu mmoja.

Biakabutuka alikuwa bado na mwaka mmoja wa kuchezea chuo. Hakuungoja. Alijitosa katika uteuzi wa Aprili 1996, naye akaitwa wa 8, na Carolina Panthers, timu changa iliyoanza kucheza mwaka uliotangulia. George aliitwa wa 14, na Houston Oilers. Ni vigumu kuamini kwamba yadi zile 313 hazikuchangia katika nafasi hizo sita zilizowatenganisha.

Yaliyofuata hayakuandikwa katika mchezo ule wa Novemba. Katika mchezo wake wa nne wa kulipwa, kano ya goti la Biakabutuka ilikatika na msimu wake ukaisha. Panthers walimpa mpira Anthony Johnson, mtu aliyekwisha kupitia timu kadhaa na ambaye hakuna aliyemtazamia tena makubwa. Johnson akakimbia yadi 1,120, na timu ikafika mchezo mmoja tu kabla ya fainali kuu. Biakabutuka alirudi, akawa na siku nzuri kadhaa, akaumia tena na tena, na mwaka 2001 jeraha la mguu likamaliza kazi yake akiwa hajatimiza miaka 28. Kwa misimu sita alikimbia yadi 2,530. Eddie George alianza katika kila mchezo wa timu yake kwa misimu minane mfululizo, na alipostaafu alikuwa amekimbia yadi 10,441. Aliyeitwa kabla yao wote wawili katika kazi hiyo ya kukimbia, Lawrence Phillips, wa 6, aliachishwa na timu iliyomteua kabla msimu wake wa pili haujaisha.

Je, Carolina walikosea? Swali hili hupendwa na mashabiki, lakini limekaa upande. Hakuna aliyeweza kuliona goti lile mwezi Aprili. Jambo la kujifunza ni jingine: timu ilinunua miaka mitano au sita ijayo, na ushahidi uliokuwapo ulikuwa wa miezi mitatu iliyopita.

5.0 Kinachopimwa

Kwa kuwa mchezo wa chuo hautoshi kuwa ushahidi, timu zimebuni mizani nyingine. Tangu mwaka 1987 watarajiwa mia tatu na zaidi hukusanywa Indianapolis kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hupimwa urefu, uzito, urefu wa mikono, hata upana wa kiganja. Hukimbia yadi 40 huku saa ikihesabu sehemu za mia za sekunde. Hunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Hupigwa picha za viungo na kuulizwa maswali na madaktari wa timu zote. Mtu wa Ituri, ambako mnunuzi wa ng'ombe huzunguka mnyama mara mbili kabla ya kutaja bei, ataielewa shughuli hii upesi, pengine upesi kuliko wahusika wanavyopenda.

Mizani hiyo inapolemea upande wa mwili, mchezo wa chuo huweza kusahaulika karibu kabisa. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, akitaka kucheza mpira wa kikapu; hakuwa ameingia katika timu ya kandanda kabla ya mwaka 2010, na kanuni za mchezo alifundishwa ukubwani. Hesabu zake za chuo zilikuwa ndogo: alimwangusha mrushaji wa wapinzani mara nne na nusu tu katika miaka yake yote pale. Hata hivyo mwaka 2013 Detroit walimwita wa 5 katika taifa zima, kwa kuwa mtu mwenye mwili ule na mbio zile haonekani mara kwa mara. Hawakujuta. Mwaka 2015 aliwaangusha warushaji mara 14 na nusu katika msimu mmoja.

Kinyume chake ni Tom Brady, naye wa Michigan, ambaye mwaka 2000 aliitwa wa 199. Alikuwa mwembamba na mzito wa mbio. Kilichokuwa bora kwake, yaani kuamua haraka na kutotishika, hakina saa wala mzani. Alitwaa ubingwa mara saba. JaMarcus Russell, wa kwanza kuitwa mwaka 2007, alikuwa na mkono wenye nguvu za ajabu, na miaka mitatu baadaye hakuwa na timu. Na Brock Purdy, wa 262 na wa mwisho kabisa mwaka 2022, aliiongoza San Francisco katika fainali kuu ya Februari 2024.

Mfano wa karibuni wenye damu ya Kongo ni Andrew Mukuba. Wazazi wake ni Wakongo. Yeye alizaliwa Zimbabwe, akafikishwa Austin, Texas, akiwa mtoto. Kazi yake ni ya ulinzi wa nyuma, kuzuia na kunasa mipira inayorushwa mbali. Aling'ara katika mwaka wake wa kwanza Clemson, 2021, hata akatangazwa kuwa mlinzi bora miongoni mwa wageni wa ligi yao; miaka miwili iliyofuata haikumwongezea sifa. Kijana mwingine angeingia katika uteuzi akiwa na sifa iliyofifia. Mukuba alihamia Chuo Kikuu cha Texas kwa msimu wa 2024, akanasa mipira mitano, na ule ulionaswa tarehe 1 Januari 2025 dhidi ya Arizona State, katika muda wa nyongeza, ndio uliofunga mchezo. Mwili wake haukubadilika: uzito wake ulikuwa chini ya kilo 90, mdogo kwa kazi yake. Philadelphia Eagles walimwita wa 64, mwishoni mwa mzunguko wa pili. Hapa mtu anaweza kuona mizani mbili zikivutana hadharani: michezo ikimpandisha, kipimo kikimshusha, na namba 64 ikawa mapatano kati yake.

Kwa jumla, hesabu za chama cha michezo ya vyuo, NCAA, zinaonyesha kwamba kila mwaka wachezaji wapatao 16,000 wa kandanda hufikia haki ya kuteuliwa. Wanaoteuliwa ni kama 250. Katika kila mia, hawafiki wawili.

6.0 Neno lenyewe

Kiswahili kiuite nini kitendo hiki? Waandishi wa michezo wa Nairobi na Dar es Salaam hawajakubaliana, na kila neno lililopo lina kasoro yake.

Njia nyepesi ni kukopa: drafti. Lakini drafti ni neno lenye mwenyewe. Ni mchezo wa kete unaochezwa vibarazani kuanzia Mombasa hadi Mwanza, na "kijana ameingia drafti" itawafanya wazee wasogeze kiti. Mchujo ni neno zuri, lakini katika michezo limekwisha kupewa kazi ya hatua za kutoana. Tena mchujo humaanisha kwamba waliobaki wamefaulu kwa kushindana, jambo ambalo, kama ilivyoonyeshwa, si kweli kabisa hapa. Mnada unapotosha zaidi: katika mnada wanunuzi hupandishiana bei, ilhali utaratibu huu ulibuniwa ili wasipandishiane. Usajili, neno linalopendwa na magazeti ya Tanzania, ni mapatano kati ya klabu na mchezaji, na mchezaji anaweza kukataa.

Mfasiri anayekimbilia kamusi atakuta kwamba neno la Kiingereza lina maana ya kijeshi pia, na atajaribiwa kusema kijana ameandikishwa. Bunia si mahali pa kulitumia neno hilo kwa wepesi. Thomas Lubanga alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kosa la kuandikisha watoto walio chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri vya miaka ya 2002 na 2003. Mzazi aliyeishi miaka ile akiambiwa kwa simu kwamba mwanawe ameandikishwa ataomboleza kwanza, aulize baadaye.

Hata Kifaransa hakisaidii. Wakanada wa Québec, alikokulia Biakabutuka, husema repêchage, yaani kuopoa majini. Katika vyuo vikuu vya Kongo neno hilo linajulikana sana, lakini aliyeopolewa ni yule aliyefeli na kuhurumiwa katika kikao cha maprofesa! Mwanafunzi wa Bunia akisoma katika gazeti la Montréal kwamba mkimbiaji wa yadi 313 alikuwa wa 8 katika repêchage, atajiuliza hao waliofaulu walikimbia yadi ngapi.

Linalobaki ni teua. Katika matumizi ya Afrika Mashariki na ya Kongo vilevile, uteuzi ni tendo la mwenye mamlaka: waziri au gavana huteuliwa kwa tangazo, na mara nyingine yeye mwenyewe huisikia habari hiyo pamoja na majirani mbele ya televisheni. Maana hiyo ya kutoulizwa, ambayo mahali pengine ingekuwa dosari, hapa ndiyo hasa inayotakiwa. Ikiongezwa zamu, ili kuonyesha mpangilio, hupatikana uteuzi wa zamu. Aliyeitwa ni mteule, na anayengoja ni mtarajiwa, umbo ambalo Kiswahili tayari kinalo kwa wachumba. Kwa hatua zilizotangulia, afadhali chaguliwa iachwe kabisa: kijana wa sekondari amepangwa katika timu, chuo kimemwalika, naye ameukubali mwaliko, na baada ya uteuzi wa zamu, akifika salama, amesaini mkataba. Maneno haya yote yapo na yanaeleweka Bunia bila kamusi. Mwenye kupiga simu akiyatumia, ndugu wa upande wa pili atajua kama ni wakati wa kupongeza tu au wa kuuliza habari za fedha.

7.0 Wasioitwa

Kuna hali moja ambayo istilahi hizi bado hazijaigusa. Uteuzi unapokwisha, mtarajiwa ambaye jina lake halikutajwa huwa huru kuzungumza na timu yoyote. Yeye, aliyekosa, ndiye anayerudishiwa kitenzi chagua katika hali ya kutenda, ingawa mara nyingi hana vingi vya kuchagua.

Warren Moon aliiongoza Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl mnamo Januari 1978, akatajwa kuwa bora wa mchezo ule. Uteuzi wa mwaka huo ulikuwa na mizunguko 12, na jina lake halikuitwa. Timu nyingi za wakati huo hazikuamini kwamba mtu mweusi anafaa kuwa mrushaji na mpangaji wa mashambulizi. Zilitaka abadilishwe kazi, naye hakutaka. Alikwenda Edmonton, Kanada, akatwaa kombe la huko mara tano mfululizo, kisha mwaka 1984 Houston wakamchukua kwa fedha nyingi.

Katika mpira wa kikapu, ambao uteuzi wake una mizunguko miwili tu, mfano uko karibu zaidi na nyumbani. Dikembe Mutombo wa Kinshasa aliitwa wa 4 mwaka 1991 akitoka Georgetown. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliitwa wa 7 mwaka 2021 bila kuchezea chuo chochote. Kati yao yupo Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Katika msimu wa 2021–22 alichezea Kentucky akidaka wastani wa mipira 15 katika kila mchezo na kufunga pointi 17, akatwaa tuzo zote kuu za mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Katika uteuzi wa mwaka 2023 timu zote zilipita zamu zao na hazikumwita. Ana urefu wa mita 2.06, unaotosha kwa chuo lakini mdogo kwa anayecheza chini ya kikapu miongoni mwa waliolipwa, na hakuwa amezoea kufunga kutoka mbali.

Hata zile fedha za matangazo zilizoruhusiwa mwaka 2021 hakuzipata kama wenzake, kwa sababu viza ya mwanafunzi haimruhusu mgeni kufanya kazi apendavyo ndani ya Marekani. Timu yake ilipozuru Bahamas mwaka 2022, ndipo alipozishughulikia, nje ya mipaka. Baada ya kukosa kuitwa alisaini na Indiana Pacers mkataba wa pande mbili, unaomgawa mchezaji kati ya timu kubwa na timu yake ya mafunzo kwa malipo madogo, na mwaka 2024 akasaini mwingine wa aina hiyo na Utah Jazz.